Maji ndiyo yanayowaua samaki wa dhahabu majumbani, si ugonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wasomaji wenzangu wanaofuga samaki wa dhahabu majumbani, pamoja na wafanyabiashara wanaowauzia. Ufugaji huu umeenea katika miji yetu, na siku hizi si ajabu kukuta tangi la kioo sebuleni, saluni au kwenye mapokezi ya zahanati. Inasikitisha kwamba wengi wa samaki hao hawamalizi hata miezi michache, na wenye nao huamini kuwa waliuziwa samaki wagonjwa, au kwamba samaki wa aina hiyo hawana maisha marefu. Ukweli ni kwamba samaki wa dhahabu akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 20, na huko Uingereza alikuwapo mmoja, aliyeitwa Tish, aliyekufa mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 43.

Hoja yangu ni moja: karibu kila tatizo linalomkimbiza mfugaji dukani kutafuta dawa limeanzia kwenye maji, na dawa ikitiwa katika maji mabovu haisaidii kitu, bali mara nyingi huharakisha kifo.

Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake, kupitia mashavu yake wakati wote, na mabaki ya chakula pamoja na kinyesi huiongeza. Katika tangi lililokomaa wapo bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta na katika changarawe, ambao huigeuza amonia hiyo kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa mradi sehemu ya maji inabadilishwa kila wiki. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha, na wao huchukua takriban wiki nne hadi sita kujijenga. Ndiyo maana mtu anayenunua tangi na samaki sita siku moja, akawaweka pamoja jioni hiyo hiyo, anaanza kuona mambo yakiharibika ndani ya juma la kwanza: samaki wanakaa chini bila kucheza, mapezi yamebana mwilini, mistari myekundu inajitokeza kwenye mkia, na maji yamekuwa na ukungu mweupe kama yaliyooshewa mchele. Hapo hakuna ugonjwa wa kutibu. Kinachotakiwa ni kubadilisha theluthi moja hadi nusu ya maji kila siku, kupunguza chakula au kukisitisha kabisa kwa siku mbili, na kuacha filta ifanye kazi usiku na mchana. Kama vipimo vinaonyesha naitraiti, chumvi ya kawaida gramu moja kwa kila lita ya maji huwasaidia sana samaki, kwa kuwa inaizuia naitraiti isipenye kwa wingi kupitia mashavu na kuharibu uwezo wa damu wa kubeba oksijeni.

Naomba nieleze kisa kimoja cha mtaani kwetu, kwa sababu kina mambo mengi ninayoyaona mara kwa mara. Jirani mmoja aliniita nikawatazame samaki wake waliokuwa wameishi vizuri kwa muda mrefu, kisha ghafla wakaanza kuning'inia juu ya maji wakifungua na kufunga midomo. Maji yalikuwa maangavu kabisa, yaani mtu asiyejua angesema hakuna tangi safi kuliko lile. Nilipofungua filta nikakuta sponji nyeupe, laini, inayonukia sabuni ya unga. Msaidizi wa nyumbani alikuwa ameiosha kwa nia njema kabisa, akaisuuza kwenye bomba na kuirudisha. Katika kuosha huko, bakteria wote waliokuwa wakisafisha amonia waliondoka, na tangi lile la siku nyingi likawa sawa na tangi jipya. Halafu dukani waliuziwa dawa ya buluu, nayo huwadhuru bakteria haohao waliokuwa wakihitajika. Sponji ya filta husuuzwa ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, ikaminywa mara chache ili uchafu mzito utoke, na ikarudishwa ikiwa bado na rangi ya kahawia. Rangi hiyo inayoonekana kama uchafu ndiyo uhai wa tangi.

Kuhusu maji yenyewe, wakazi wa Dar es Salaam tuna vyanzo viwili, na kila kimoja kina tabia yake. Maji ya bomba yana klorini inayounguza mashavu ya samaki, kwa hiyo yaachwe kwenye pipa lililo wazi kwa saa 24, ikiwezekana pampu ya hewa ikipuliza ndani yake, au yatiwe thiosulfati ya sodiamu, ambayo ndiyo dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki. Maji ya kisima hayana klorini, lakini mengi yana chumvichumvi na alkali, na yanapotoka ardhini huwa na oksijeni kidogo, hivyo nayo yanahitaji kupulizwa hewa kabla ya kutumika. Mfugaji asihame ghafla kutoka bomba kwenda kisima kwa sababu tu maji yamekatika. Achanganye kidogo kidogo.

Jambo linalonisumbua zaidi kwa sisi wa ukanda wa pwani ni joto. Samaki wa dhahabu wanatokana na jamii ya samaki waitwao kapu (carp) wa China, ambako walianza kufugwa zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na asili yao ni maji ya baridi. Nyuzi joto 18 hadi 24 ndizo zinazowafaa zaidi. Wafugaji wa Arusha, Mbeya na Nairobi wana nafuu, lakini sebule ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari huyapasha maji ya tangi hadi nyuzi 29 au 30. Maji yenye nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali yenye nyuzi 30 hubeba takriban 7.5 tu, na wakati huohuo joto linamfanya samaki ahitaji oksijeni nyingi zaidi. Juu ya hayo, joto na alkali huifanya amonia kuwa sumu kali zaidi. Ndiyo maana tangi lililovumilia samaki wanne mwezi Julai linaweza kuwashinda mwezi Februari bila mtu kubadilisha chochote.

Tiba yake haina gharama kubwa. Tangi liwekwe mbali na dirisha linalopigwa na jua, mfuniko uwe na nafasi ya hewa, feni ielekezwe juu ya uso wa maji, na chupa ya nusu lita iliyogandishwa ielee ndani ya tangi saa za mchana. Mfugaji asimimine barafu moja kwa moja, kwa maana maji yakipoa ghafla samaki hupata mshtuko. Maji yakipungua joto nyuzi mbili kwa saa inatosha. Umeme ukikatika, pampu inasimama na ndipo samaki wanapopanda juu kuhema. Mwenye nyumba achote maji ya tangi kwa jagi, ayamwage tena kutoka juu, arudie kwa dakika kadhaa kila baada ya nusu saa, na asiwape chakula mpaka umeme urudi. Zipo pia pampu ndogo za betri wanazotumia wavuvi wa ndoano kuhifadhi chambo, nazo zinafaa sana. Kama filta ni ya aina ya kopo lililofungwa na umeme umekatika kutwa nzima, isiwashwe kabla ya kufunguliwa na kusuuzwa, kwa sababu maji yaliyooza ndani yake yatamwagika yote kwenye tangi.

Yapo magonjwa ya kweli, sikatai. Ugonjwa wa madoa meupe husababishwa na kimelea, na samaki aliyepatwa huonekana kama amenyunyiziwa punje za chumvi mwili mzima na kwenye mapezi, huku akijisugua kwenye changarawe. Hapa watu wengi hukosea katika mambo mawili. La kwanza ni kuacha tiba mara tu madoa yanapotoweka. Dawa haimfikii kimelea akiwa ndani ya ngozi. Humuua anapoogelea akitafuta samaki mwingine, na kwa hiyo matibabu yaendelee kwa siku 7 hadi 10 hata kama samaki anaonekana amepona. Chumvi gramu 3 kwa lita, iliyoyeyushwa kwanza kwenye ndoo na kuongezwa taratibu kwa muda wa siku mbili, hutosha katika hali nyingi, ingawa mimea ya majini haitaipenda. Kosa la pili ni kumtibu samaki asiyeumwa. Dume aliyekomaa, msimu wa kuzaliana unapofika, hutokwa na vipele vidogo vyeupe vilivyojipanga kwenye vifuniko vya mashavu na kwenye mfupa wa mbele wa pezi la ubavuni. Mwilini hana kitu, anakula, na anawafukuza majike tangi zima. Samaki huyo ni mzima wa afya, na dawa atakayotiwa itamdhuru bure.

Samaki wanaoelea kichwa chini au kulala ubavu juu ya maji mara nyingi ni wale wenye umbo la duara na mikia mipana, ambao binadamu amewachagua kwa vizazi vingi mpaka viungo vya ndani vimebanana. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhia chakula, ila utumbo mrefu tu, na akila vidonge vikavu vikavimba ndani yake, kibofu cha hewa kinabanwa na usawa wake unapotea. Asipewe chakula kwa siku mbili, kisha apewe njegere iliyochemshwa na kumenywa, na baada ya hapo vidonge vilowekwe kabla ya kulishwa. Kwa siku za kawaida, chakula kiwe kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili. Maji ya kijani kibichi yanatokana na jua na naitreti kuwa nyingi. Hayamdhuru samaki, na yatapungua kivuli kikiongezwa na maji yakibadilishwa.

Sasa nawageukia wauzaji. Nawaheshimu, kwa sababu biashara hiyo inalisha familia nyingi, lakini bakuli la lita tano halifai kuuzwa pamoja na samaki anayeweza kufikia urefu wa sentimita 20 na zaidi. Mji wa Monza nchini Italia ulipiga marufuku bakuli hizo mwaka 2004, na Roma ikafuata mwaka 2005. Sisemi tusubiri sheria kama hizo hapa kwetu. Naomba tu kila mteja aulizwe, kabla hajalipa, kama tangi lake limekwisha kuwashwa filta kwa wiki kadhaa, anatumia maji gani, na lina lita ngapi, na muuzaji asiridhike na lita chini ya 40 kwa kila samaki wa umbo la duara. Muuzaji akiwa na tangi lililokomaa, ampe mteja kipande cha sponji chenye bakteria akaanzie nacho. Hakimgharimu chochote, na kitaokoa samaki wengi kuliko chupa yoyote iliyopo kwenye rafu zake.

Maduka hayohayo yakubali pia kupokea samaki waliomzidi mfugaji ukubwa au idadi. Mtu asiyejua pa kuwapeleka huwamwaga mtoni au kwenye bwawa, na samaki wa dhahabu, ambaye huchimbua tope akitafuta chakula na kula mayai ya samaki wengine, tayari amekuwa kero katika maji ya asili ya Marekani, Kanada na Australia.

Msomaji wako,
Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Tabata, Dar es Salaam