Barua kwa dada: mtoto si mzito, hajaonyeshwa nafasi

Dada shikamoo. Nakuandikia hapa wazi kwa sababu najua hapa Dar wazazi wengi wana hili jambo nyumbani na wanalimaliza kwa viboko au kwa kuongeza tuisheni.

Mjomba wangu, huyo mwanao, si mzito wa hesabu. Nimelipitia daftari lake lote na karibu kila mahali kosa ni lile lile, akiambiwa aandike mia tatu na tano anaandika 3005. Hebu sikiliza kama anavyosikia yeye: mia tatu, anaandika 300, na tano, anamalizia na 5. Ameandika kila alichosikia, hajaruka kitu. Asichokijua ni kwamba ile 3 inakuwa mia tatu kwa sababu ya pale ilipokaa, nafasi ya tatu kutoka kulia, basi. Na sifuri imekaa katikati kwa sababu makumi hayapo na lazima nafasi yao ishikwe, ukiitoa tu, 3 inasogea inakuwa makumi unabaki na 35.

Na hiyo sifuri tusiichukulie poa. Warumi waliandika 305 kwa herufi, CCCV, hakuna sifuri hapo wala nafasi, jaribu kuzidisha CCCV kwa CCCV uone kazi yake. Huu mpangilio wetu umetoka India, Brahmagupta aliandika kanuni za kuhesabu na sifuri mwaka 628, ukapita Baghdad kwa Al-Khwarizmi karne ya 9, na Leonardo wa Pisa ndo anawaeleza watu wa Ulaya mwaka 1202. Watu wazima wameusubiri karne na karne, mtoto wa darasa la tatu tunamdai aushike kwa wiki moja!

Sasa cha kufanya. Pesa yetu yenyewe inafundisha, mia kumi ni buku, buku kumi ni msimbazi, misimbazi kumi ni laki, kila hatua ni kumi kumi. Mpe noti nne za elfu kumi na sarafu mbili za mia, mwambie ana 40,200 na anataka kununua kitu cha 15,800, alipe kamili. Mia nane hana, ana mbili tu. Shuleni wanamwambia akope kwa jirani, lakini jirani ni sifuri, hana kitu, na hapo ndo anapokwama anaanza kubahatisha. Mezani hakwami, achenji msimbazi mmoja apate buku kumi, kisha buku moja aichenji apate mia kumi. Mwache ahesabu mwenyewe alichonacho, misimbazi mitatu, buku tisa, sarafu kumi na mbili za mia. Ile 9 ambayo mwalimu huwa anaiandika juu ya sifuri na watoto hawajui imetoka wapi, ameishika mkononi. Akitoa anabaki na 24,400, halafu ndo umuonyeshe kwenye daftari 402 toa 158 ni njia ile ile, jibu 244. Kwa mamoja na makumi tumia vizibo vya soda, maana sarafu za shilingi moja na kumi hatuzishiki tena, vizibo kumi unavifunga kwenye kimfuko vinakuwa kumi moja.

Kitu kingine, usimchanganye na namba ya simu au ile tokeni ya umeme wa LUKU yenye tarakimu 20. Aliniuliza kama tokeni ni pesa nyingi kuliko milioni na nimelipenda sana swali lake, huyo mtoto anafikiri. Zile tarakimu ni za siri au za kutambulisha tu, hazina mamoja wala makumi, ndo maana sifuri ya mwanzo kwenye namba ya simu huwezi kuiacha lakini 0305 na 305 kwenye hesabu ni kitu kimoja.

Maswali mia kwa jioni moja usimpe, dada. Mpe 305, 350 na 3,050, akwambie kila tarakimu ina thamani gani, na akikosea muulize kwanza alikuwa anafikiria nini kabla hujamsahihisha. Kalkuleta iache dukani kwanza. Jumamosi nakuja, vizibo ninavyo tayari, wewe nitafutie tu sarafu za mia.