Kufuta Mkataba wa Williamson California: mapitio ya mazingira na mahali maombi yanapokwama

Barua ya ofisi ya mipango ya kaunti huwa fupi: shamba lako lina mkataba wa Sheria ya Williamson, mradi unaoutaka hauruhusiwi chini ya mkataba huo, na kuufuta kunahitaji mapitio ya mazingira. Wenye mashamba wengi huipata wakiwa wameshalipia michoro na upimaji. Tunaeleza hapa kinachofuata, kwa mpangilio tunaoutumia kuandaa faili la mteja.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1965. Mwenye ardhi na kaunti au jiji hufunga mkataba wa angalau miaka 10. Yeye anakubali ardhi ibaki ya kilimo au ya wazi, nao wanamkadiria kodi kwa kipato cha kilimo badala ya bei ya soko. Kila mwaka, tarehe ya mkataba ikifika, mwaka mmoja unaongezeka wenyewe, kwa hiyo mkataba haufiki mwisho usipochukua hatua. Tena unaifuata ardhi, haumfuati mtu. Aliyenunua au kurithi shamba amepokea na masharti yake, hata kama aliyesaini alishafariki miaka mingi iliyopita.

Kwanza, je, ni lazima ufute?

Kufuta ni njia ya dharura. Mahakama ya Juu ya California ilishaliweka wazi hilo mwaka 1981, katika kesi ya Sierra Club dhidi ya Jiji la Hayward. Njia ya kawaida ya kutoka ni kutoa taarifa ya kutohuisha mkataba. Mwenye ardhi anaikabidhi angalau siku 90 kabla ya tarehe ya kuhuisha. Kaunti nyingi zinatumia Januari 1, kwa hiyo usivuke siku za mwanzo za Oktoba. Ukichelewa hata siku moja, mwaka mwingine umeingia. Ukishaitoa, mkataba unamalizika baada ya muda uliobaki, takriban miaka 9, huku kodi ikipanda hatua kwa hatua. Hulipi ada ya kufuta wala huhitaji kura ya bodi ya kaunti. Asiye na haraka achukue njia hii; hatuoni sababu ya kumshauri vingine.

Pia huenda mradi wako unaruhusiwa na mkataba ulivyo. Kila kaunti ina orodha ya matumizi yanayopatana na kilimo, na jengo la kufungashia mazao au nyumba za vibarua wa shamba zinaweza kuwamo. Soma orodha hiyo kabla ya kumwaga zege. Majengo ya biashara, viwanda au makazi yasiyoruhusiwa yakizidi jumla ya futi za mraba 2,500, huo ni uvunjaji mkubwa wa mkataba. Adhabu yake inafika asilimia 25 ya thamani ya ardhi iliyoathirika, na juu yake asilimia 25 ya thamani ya jengo lenyewe.

Ukiona kufuta hakuepukiki, anza na ada. Mthamini wa kaunti anakadiria bei ya soko ya ardhi kana kwamba haina mkataba, nawe unalipa asilimia 12.5 ya bei hiyo. Ardhi ya dola 2,000,000 inalipiwa dola 250,000. Kama mkataba wako ni wa ukanda wa usalama wa mashamba, ule wa miaka 20, ada ni asilimia 25, na mkurugenzi wa Idara ya Uhifadhi ya jimbo lazima naye aidhinishe. Usipokubaliana na thamani iliyotajwa, una siku 45 kuomba mapitio rasmi. Idara ya Uhifadhi nayo ina haki hiyohiyo, na inaweza kudai kwamba thamani imewekwa chini mno.

Anachopaswa kuthibitisha mwombaji

Bodi ya Wasimamizi wa Kaunti haiwezi kufuta kwa huruma. Lazima ithibitishe kwa maandishi ama kwamba kufuta kunapatana na makusudio ya sheria, ama kwamba kuna manufaa ya umma.

Mlango wa kwanza una masharti matano: taarifa ya kutohuisha iwe imeshatolewa; kufuta kusielekee kuyaondoa mashamba ya jirani kwenye kilimo; matumizi mapya yapatane na mpango mkuu wa kaunti; ujenzi usitawanyike vipande vipande mbali na mji; na kusiwe na ardhi nyingine iliyo karibu, isiyo na mkataba, inayofaa na inayopatikana kwa mradi huo, au basi kujenga hapa kuuunganishe mji vizuri zaidi kuliko kujenga kule. Mlango wa manufaa ya umma una masharti mawili: manufaa yazidi kwa uzito makusudio ya sheria, na lile lile la ardhi mbadala.

Sharti la ardhi mbadala ndilo linaloangusha wengi. Mwombaji anaandika sentensi moja kwamba "hakuna kiwanja kingine kinachofaa", basi. Bodi inahitaji ramani ya viwanja visivyo na mkataba vilivyo karibu, ukubwa wa kila kimoja, kama kina barabara, maji na umeme, na sababu ya kukikataa. Vilevile sheria haidai kiwanja mbadala kiwe kimoja: viwanja kadhaa, vipakane au visipakane, vikitosha kwa pamoja, vinahesabika. Na kusema hukitaka kwa kuwa cha kwako tayari unacho si sababu.

Hoja ya "shamba halinilipi" nayo haitoshi peke yake. Inasikilizwa tu pale ambapo hakuna kilimo kingine cha kuridhisha kinachowezekana hapo. Kama lusini haileti faida lakini malisho ya ng'ombe yanawezekana, hoja imekufa.

Mapitio ya mazingira yenyewe

California ina Sheria ya Ubora wa Mazingira, ijulikanayo kwa herufi CEQA. Kufunga au kuhuisha mkataba wa Williamson kuna msamaha wake chini ya miongozo ya CEQA, kundi la 17. Watu husoma kichwa cha msamaha huo wakadhani na kufuta kumo. Aya hiyohiyo inasema kufuta hakumo, na kwa kawaida kutapitia mchakato mzima.

Kaunti ndiyo taasisi kiongozi. Inaanza na uchunguzi wa awali, ambao ni orodha ndefu ya maswali kuhusu kilimo, hewa, maji, wanyama, mambo ya kale, foleni za magari na mengineyo. Kaunti pia inayajulisha makabila ya asili yaliyojiandikisha nayo, na makabila hayo yana siku 30 kuomba mashauriano. Matokeo ya uchunguzi ni mawili: tamko kwamba hakuna athari kubwa, likiwa na hatua za kupunguza athari au bila hizo, au ripoti kamili ya athari za mazingira. Tamko linawekwa wazi kwa umma siku 20, au 30 likipitia ofisi ya jimbo inayosambaza nyaraka hizi. Rasimu ya ripoti kamili kwa kawaida hupewa siku 45. Ukifuta mkataba wa kiwanja cha ekari 100 au zaidi, CEQA inauhesabu mradi wako kuwa wenye uzito wa jimbo au mkoa, na rasimu lazima ipelekwe kwenye ofisi hiyo ya jimbo.

Kizingiti cha kudai ripoti kamili ni cha chini kuliko wateja wanavyodhani. Mtu yeyote akileta ushahidi wa maana unaojenga hoja ya haki kwamba huenda kukawa na athari kubwa, tamko halitoshi, hata kama upande wako una ushahidi mwingi zaidi. Ndiyo maana hatupendi kusukuma tamko jembamba kwenye shamba zuri la umwagiliaji. Linaokoa miezi mwanzoni, kisha linavunjwa mahakamani.

Kosa jingine la mara kwa mara ni kukatakata mradi. Mwombaji anataka kaunti ipitie kufutwa kwa mkataba tu, kana kwamba ni karatasi, na ujenzi uje baadaye. CEQA inataka tendo zima litazamwe pamoja. Sheria ya Williamson nayo inadai ombi liambatane na pendekezo la matumizi mahususi, pamoja na orodha ya taasisi za serikali zitakazotoa vibali. Kwa hiyo "nitaamua baadaye nitajenga nini" inakwama kwenye sheria zote mbili.

Udongo: ramani mbili zenye maana tofauti

Hapa ndipo faili nyingi zinapojipinga zenyewe. Sheria ya Williamson ina tafsiri yake ya ardhi bora: daraja la kwanza au la pili la uwezo wa ardhi, au alama 80 hadi 100 za kipimo cha Storie (kipimo cha ubora wa udongo kwa kilimo), au kubeba angalau mnyama mmoja kwa ekari kwa mwaka, au mazao yenye kipato cha angalau dola 200 kwa ekari. Ramani za mashamba za Idara ya Uhifadhi, ambazo ndizo fomu ya uchunguzi wa awali inazozitumia, zina kigezo kingine: pamoja na udongo mzuri, ardhi iwe ilimwagiliwa na kulimwa wakati fulani katika miaka 4 kabla ya ramani kuchorwa. Shamba moja linaweza kuwa bora kwa sheria ya kwanza na lisiwe bora kwenye ramani, au kinyume chake. Ripoti ikiyachanganya hayo mawili, wakili wa jirani atalishika jambo hilo siku ya kwanza. Tunaandika vigezo vyote viwili, kila kimoja kwa jina lake, na kueleza tofauti.

Ili kuamua kama upotevu ni athari kubwa, kaunti nyingi hukubali modeli ya LESA ya mwaka 1997, inayopima kwa alama ubora wa udongo na wa eneo la shamba. Ina vipengele sita, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 100 kisha kuzidishwa kwa uzito wake. Upande wa udongo una daraja la ardhi (asilimia 25) na kipimo cha Storie (25). Upande wa eneo una ukubwa wa mradi (15), maji (15), mashamba yanayozunguka (15) na ardhi iliyolindwa inayozunguka (5). Mashamba ya jirani yenye mikataba ya Williamson yanahesabika kuwa ardhi iliyolindwa.

Tazama hesabu ya mfano. Daraja la ardhi 80 na Storie 76 vinatoa 20 na 19, jumla 39. Eneo likiwa na ukubwa 100, maji 100, mashamba jirani 80 na ardhi iliyolindwa 40, unapata 15, 15, 12 na 2, jumla 44. Yote pamoja ni 83, na kuanzia 80 athari ni kubwa bila mjadala. Sasa chukua udongo uleule kwenye kiwanja kidogo pembezoni mwa mji: ukubwa 50, maji 30, mashamba jirani 30, ardhi iliyolindwa 0. Upande wa eneo ni 16.5, jumla 55.5. Kati ya 40 na 59 athari ni kubwa pale tu pande zote mbili zinapofika 20. Hapa upande wa eneo haufiki, basi si kubwa. Udongo ni uleule, majibu mawili. Kipengele cha maji ndicho kinachobishaniwa zaidi, kwa hiyo leta kumbukumbu za kisima na za mgao wa maji, pamoja na miaka ya ukame.

Athari ikiwa kubwa, wengi hukimbilia kununua haki ya uhifadhi wa kudumu kwenye shamba jingine, ekari kwa ekari. Ni jambo jema na tunalipendekeza, lakini lisiandikwe kama dawa kamili. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa, katika kesi iliyohusu Kaunti ya Kern, ilisema uhifadhi wa namna hiyo hauundi shamba jipya, hivyo haufidii ekari zilizopotea. Ripoti iseme ukweli kwamba athari inabaki kubwa, na bodi ikitaka kuendelea ipitishe tamko linaloeleza kwa nini manufaa yanazidi madhara. Wala ada ya asilimia 12.5 si hatua ya kupunguza athari. Ni malipo ya kuvunja mkataba, na haiokoi ekari hata moja kwenye mradi wako.

Kura na vikomo viwili vya muda wa kushtaki

Kabla ya kikao, taarifa inakwenda kwa Idara ya Uhifadhi na kwa kila mwenye ardhi yenye mkataba ndani ya maili moja kutoka mpaka wako. Tegemea majirani kufika. Bodi inaidhinisha kwanza nyaraka za mazingira, kisha kufuta. Nyaraka hizo mbili zisipishane: ukisema kwenye ripoti kwamba mradi utavuta ujenzi zaidi upande wa mashariki, huwezi kusema kwenye ombi kwamba mashamba ya mashariki hayatatikisika.

Baada ya kura, hakikisha kaunti inawasilisha taarifa ya uamuzi ndani ya siku 5 za kazi. Ikiwasilishwa, muda wa kushtaki kuhusu mazingira ni siku 30. Isipowasilishwa, ni siku 180. Muda wa kupinga kufutwa kwenyewe ni siku 180 kwa vyovyote. Usianze kuchimba msingi kwa kuangalia kikomo kimoja tu.

Unachopewa kwanza ni hati ya awali. Ada isipolipwa ndani ya mwaka mmoja tangu hati hiyo isajiliwe, inakokotolewa upya kwa bei mpya. Ukikamilisha masharti yote na vibali vyote, unaiarifu bodi, nayo ina siku 30 kutoa hati kamili. Ukishindwa, inatolewa hati ya kuondoa idhini, na mkataba unaendelea kama ulivyokuwa.

Ukija kwetu mara ya kwanza, leta nakala ya mkataba yenye namba ya usajili, taarifa ya kutohuisha kama ilishatolewa, namba za viwanja vya mthamini, bili za kodi za miaka mitatu, kumbukumbu za mazao na maji za miaka mitano, na mchoro wowote wa mradi. Kama ni sehemu tu ya shamba unayotaka kuitoa, weka mpaka wake kwenye ramani: inayobaki lazima iendelee kustahili mkataba, na hilo tunaliangalia kabla ya jambo jingine lolote.