Kwa mdogo wangu uliyeninyima mkono

Mdogo wangu,

Salamu zangu nilizipitisha kwa mama, hukujibu. Basi nakuandikia hapa hadharani, maana najua nambari yangu umeizuia.

Siku ya harusi, pale uani Majengo, nilikunyooshea mkono mbele ya wajomba, ukanipita ukaenda kumsalimu mpishi wa biriani. Hilo halijanitoka moyoni. Nawe unasema halijakutoka la usiku ule njiani Maungu: gari limekufa, watoto wamelala kiti cha nyuma, unaniomba pesa kwa simu ya mtu mwingine, na dada yako anakuuliza jina la mbuzi.

Hebu tazama nilichokiona mimi. Nambari ngeni. Simu imezima, tuma elfu ishirini sasa hivi, mtumie huyu fulani. Napiga, haishikwi. Wezi ndivyo wanavyoandika, neno kwa neno. Silaha yao ni ile haraka, kwa sababu mtu aliyebabaika hapigi kuhakikisha, wala hasomi jina la mpokeaji M-Pesa inapomwonyesha. Pesa zikishatoka unaweza kuupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ya Safaricom uombe zirudishwe, lakini mwizi huwa ameshazitoa kwa wakala, na kwenye akaunti tupu hakuna cha kurudisha.

Na hata ungeniandikia kwa nambari yako mwenyewe, ningeuliza. Mwizi huiandika nambari yako kwenye WhatsApp ya simu yake, na tarakimu sita za kuthibitisha zinakuja kwako kwa ujumbe mfupi. Kisha anakupigia kwa upole: samahani, kuna nambari zimekuja kwako kimakosa, nisomee. Ukimsomea, umetolewa. Yeye ndiye wewe sasa, na anaanza na shangazi zako. Dawa yake iko kwenye mipangilio ya WhatsApp, upande wa akaunti: uthibitishaji wa hatua mbili. Weka pini yako ya tarakimu sita, na baruapepe ya kukuokoa ukiisahau. Hapo hata akizipata zile za ujumbe, atakwama kwenye pini. Ukikuta umeshatolewa, usikae ukilia: ingia upya kwa nambari yako, tarakimu mpya zitakuja, na ukiziandika tu yeye anatoka. Kama aliwahi kuweka pini yake, utasubiri siku 7 ndiyo uingie, lakini naye hatakuwamo.

Sauti pia haitoshi siku hizi. Kuna programu zinazoiga sauti ya mtu kutokana na kipande kifupi tu alichojirekodi. Ndiyo maana nikauliza jambo lisiloandikwa popote. Mbuzi aliyetafuna kanga ya mama, mdogo wangu! Neno moja tu, na pesa zingefika kabla hujafunga boneti. Badala yake ukanitukana, na matusi hata mwizi anayajua. Nani aliyemwacha mwenzake hapo?

Wanao nawapenda kuliko unavyodhani. Wafundishe swali la nyumbani, wachague wenyewe, na lisitajwe kamwe kwenye kundi la ukoo, kwa kuwa humo hatujui simu ya nani imeshaingiliwa.

Na simu yako usiishike mkononi ukiwa kwenye tuktuk. Ikinyakuliwa, mwizi huchomoa laini, akaitia kwenye simu nyingine, na tarakimu zote za kuthibitisha zinamfuata yeye. Ifunge laini yenyewe kwa pini, mbali na ile ya kufungulia kioo. Akikosea mara 3 laini inadai PUK, nambari ya kuifungulia laini, yenye tarakimu 8. Akikosea PUK mara 10 laini inakufa kabisa. Ndiyo, wewe pia ukisahau utasumbuka. Afadhali usumbufu huo.

Sasa la mama, na hili ndilo lililonifanya niandike. Laini yake ya Safaricom ulimsajilia wewe, kwa kitambulisho chako. Piga *106# utaiona kwenye orodha. Piga *100*100# kwenye simu yake, ili mtu asiweze kuihamishia nambari hiyo kwenye laini nyingine kienyeji, bila mwenyewe kufika dukani. Mtandao ukimpotea ghafla huku wa jirani uko, huenda laini imeshahamishiwa kwingine. Apige huduma kwa wateja kwa simu ya jirani papo hapo, asingoje kesho. Lakini kwa kuwa laini ina jina lako, hawatamsikiliza yeye, wala mimi. Wewe ndiye utakayetafutwa, na simu zetu hushiki.

Nendeni dukani wawili, kila mtu na kitambulisho chake, laini iandikwe kwa jina la mama. Mimi sitakuja kama hutaki kuniona. Mama huwa yuko tayari asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, na magoti yake unayajua, kwa hiyo usimpandishe matatu.

Dada yako