Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Akili Duniani

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya; Mwenyekiti wa Bodi ya Shule; Mkuu wa Shule; walimu na wazazi wetu; wanafunzi wenzetu; mabibi na mabwana, shikamooni.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, 10 Oktoba, tukiwa wazima. Nawe, Ndugu Mgeni Rasmi, ahsante kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Klabu yetu ya afya ya akili ilizaliwa na sanduku la maoni. Lilikuwa limetundikwa chini ya dirisha la ofisi ya walimu, na kila lilipofunguliwa lilikutwa na maganda ya pipi tu. Tukaomba lihamishiwe nyuma ya maktaba. Wiki hiyohiyo likajaa vikaratasi, na hakuna aliyelalamikia maharage kama tulivyodhani. Mmoja aliandika: "Baba na mama wameachana, sijui likizo nitaenda kwa nani." Mwingine: "Sielewi Kiingereza. Nikinyanyuliwa kujibu swali natetemeka."

Huyu wa pili tunamwelewa sana. Mtoto wa miaka 13 au 14 anatoka shule ya msingi alikosoma kwa Kiswahili, anafika kidato cha kwanza karibu kila somo ni Kiingereza, pengine analala bweni kwa mara ya kwanza, na mwili nao unabadilika. Mwaka unaofuata kuna upimaji wa kidato cha pili, ambao akishindwa anakariri darasa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa darasa la wanafunzi 56, hao ni wanane.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Kila Jumatano baada ya masomo tunakaa katika vikundi vidogo, tukiongozwa na kaka na dada wa kidato cha tano na sita. Tunajifunza kutenga jambo tunaloweza kulibadili na lile lisilo mikononi mwetu, na kutuliza pumzi kabla ya mtihani (siku ya kwanza ya zoezi hilo ilikuwa vicheko vitupu). Wazo la kuongozwa na waliotuzidi umri kidogo tulilipata kwa majirani zetu Kenya, kwenye mpango wa Shamiri, ambako vijana waliomaliza sekondari huongoza vikao vinne vya saa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wanafunzi 413, ulionesha kuwa dalili za sonona (huzuni nzito isiyoisha) na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopitia vikao hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea.

Sasa, kwa heshima zote, tuseme linalotukwamisha. Mwalimu wa unasihi ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Asubuhi yuko getini na fimbo akiwasubiri waliochelewa. Mchana, katika ofisi hiyohiyo, tunatarajiwa tumfungulie moyo. Hatumlaumu, kwani kazi zote mbili amepangiwa na vipindi vyake ni vingi. Lakini mwanafunzi akionekana anatoka kwenye mlango ule, darasa zima linauliza amekosa nini. Wengi wanaona heri wanyamaze.

Tunaomba kazi hizo zigawanywe, na mwalimu wa unasihi apunguziwe vipindi. Tunaomba saruji, bati na mlango wenye kitasa ili stoo ya zamani ya vifaa vya michezo iwe chumba cha mazungumzo. Wazazi wameahidi nguvu kazi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto haina malipo, ila wanafunzi haturuhusiwi simu, na ya matroni hupigwa matroni akiwa amekaa pembeni. Chumba hicho kikiwa na simu, tutashukuru.

Ombi kubwa kuliko yote ni mtaalamu wa afya ya akili kutoka hospitali ya wilaya, awe anafika shuleni kwa ratiba inayojulikana. Viongozi wa vikundi ni wanafunzi kama sisi. Mwenzetu akisema hataki tena kuishi, wameelekezwa wasimwache peke yake na wamwite mtu mzima saa hiyohiyo. Tunataka huyo mtu mzima naye awe na wa kumwita.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.