Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu: wakili wa kupewa akiboronga kesi, mfungwa amlilie nani?

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania,
Makao Makuu ya Mahakama, Dodoma.

Shikamoo Mheshimiwa. Samahani kwa kukuandikia hadharani namna hii, sina cheo wala sina mtu wa kunifikisha ofisini kwako, na hili jambo si la kwangu peke yangu, kuna familia nyingi tu zinalijua ila zinaugulia ndani.

Niende moja kwa moja kwenye ishu. Mtu akishtakiwa kwa mauaji hapa kwetu na hana hela, Mahakama Kuu inampangia wakili bure. Hilo ni jema na sina ugomvi nalo hata kidogo. Ugomvi wangu unaanza pale huyo wakili wa kupewa anapoboronga, halafu mfungwa anafika Mahakama ya Rufani anataka kusema "waheshimiwa, mimi sikutetewa", na anakuta kwamba mtu anayetakiwa kuyasema hayo maneno kwa niaba yake ni wakili mwingine wa kupewa, mwenzake yule yule wa kwanza, wanakutana korido moja na wanakunywa chai kantini moja. Hapo ndo kilio chote cha barua hii kilipo, mengine nitakayosema ni ya kuelezea tu.

Mi si mwanasheria, nauza spea za pikipiki huku Kanda ya Ziwa. Haya mambo nimelazimika kuyajua kwa sababu ya mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye yuko gerezani amehukumiwa kunyongwa, na kama unavyojua Mheshimiwa kosa la mauaji kwetu adhabu yake ni hiyo moja tu, jaji hana pa kupunguza. Sikwambii kwamba kijana hana hatia. Mi sikuwepo usiku huo na sitaki kujifanya najua. Ninachosema ni kwamba nimeusoma mwenendo wa kesi yake, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, kurasa kwa kurasa, na usiku nikifunga duka naingia TanzLII, tovuti inayoweka hukumu za mahakama zetu, kwenye simu nasoma hukumu za watu wengine, na kadiri ninavyosoma ndo nazidi kukosa usingizi. Majina na mahakama sitataja, sitaki kumchafua mtu ambaye hayupo hapa kujibu.

Ona hii. Kijana alikamatwa asubuhi, maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa, wakayaandika kesho yake mchana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 tangu mtu awe chini ya ulinzi kumhoji, zikipita hizo lazima kuwe na nyongeza ya muda iliyotolewa kwa utaratibu. Hiyo siyo siri, ukiperuzi hukumu utakuta maelezo ya onyo kibao yamefutwa kwenye kumbukumbu kwa sababu ya hizo saa 4 tu. Sasa kwenye mwenendo wa huyu wa kwetu, askari anaomba kuyatoa yale maelezo yawe kielelezo, wakili wa utetezi anajibu: hatuna pingamizi. Ripoti ya daktari, hatuna pingamizi. Mchoro wa eneo la tukio, hatuna pingamizi. Nimeusoma ule ukurasa mpaka nimeukariri. Hakukuwa na kesi ndani ya kesi kuuliza kama kijana aliyatoa kwa hiari au alipigwa, hakuna aliyeuliza saa ngapi alikamatwa na saa ngapi alihojiwa, yaani kitu kilichombeba mpaka kwenye kunyongwa kiliingia kirahisi namna hiyo.

Halafu akaja shahidi wa macho, anayesema alimtambua usiku kwa mwanga wa taa ya sola. Toka kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980 mahakama zetu zinataka maswali yanayojulikana: mwanga ulikuwa mkali kiasi gani, ulisimama umbali gani, ulimtazama kwa muda gani, ulikuwa unamjua kabla. Wakili aliuliza shahidi anakaa kitongoji gani na kama ana undugu na marehemu, basi, akakaa chini. Na sheria yetu Mheshimiwa wewe ndo unaijua kuliko mimi, ushahidi usioulizwa maswali unachukuliwa kuwa umekubaliwa. Kwa hiyo ukimya wa wakili unahesabika ni ukimya wa mshtakiwa, wakati mshtakiwa mwenyewe yuko kizimbani amekaa na askari, hajui hata kama kulikuwa na swali la kuulizwa.

Kijana aliniandikia barua, nanukuu kidogo: "Mjomba shikamoo, wakili nilimuona mara ya kwanza asubuhi ile ile ya kuanza kusikilizwa, pale nje ya chumba cha mahabusu, akaniuliza wewe ndo wa ile kesi ya panga, nikamwambia hapana mimi ni ya rungu, akafungua faili akasema aah sawa, akaniuliza una mashahidi nikasema ninao wawili, akasema tutaona." Hao wawili hawakuitwa. Mmoja wao angesema kijana alilala kwake usiku huo, na hilo nalo lina utaratibu wake, utetezi wa kusema hukuwepo eneo la tukio unatakiwa utolewe taarifa mapema, taarifa haikutolewa, ikafia hapo.

Tukaenda rufaa. Sababu za rufaa aliandikiwa na mfungwa mwenzake mle ndani, kuna wazee mule wanajua vifungu kuliko baadhi ya wenye majoho, na ya nne ilisomeka "Kwamba mrufani hakutetewa ipasavyo na wakili aliyepangiwa." Akapangiwa wakili wa rufaa, mwingine. Huyu akaleta sababu zake za nyongeza, na siku ya kusikilizwa akasimama akaomba kuziondoa zile za mfungwa zote, akabaki na moja ya utambuzi. Ya nne ikaondoka nazo. Kijana nyuma pale hakuelewa hata nini kimetokea, alidhani zote zinakwenda pamoja. Majaji sina neno nao, wao wanaamua kilicholetwa mbele yao. Rufaa ikagonga mwamba.

Nilimfuata wakili nje nikamuuliza kwa upole tu, mbona ile ya mwenzako umeiacha? Akanijibu na mpaka leo namshukuru kwa kusema ukweli: "Mzee, mi siwezi kumsema mwenzangu, kesho na mimi nitapangiwa kesi nisemwe hivyo hivyo." Akapanda bodaboda akaondoka.

Na huu mtindo wa kuondoa sababu za mfungwa siyo wa huyo mmoja, soma hukumu za rufaa za mauaji utaukuta mara kwa mara, wakili anaomba ruhusa kuziacha sababu za mrufani na kubaki na zake. Mara nyingi anafanya vizuri tu, maana nyingine zinajirudia au hazina mashiko. Lakini lalamiko dhidi ya wakili mwenzake si sababu kama zile nyingine, hapo ana maslahi yake. Ni kama kumpa fisi funguo za bucha halafu tunasema yeye ndo mtaalamu wa nyama.

Tuliulizia kuhusu mapitio, yaani kuiomba Mahakama ya Rufani iiangalie upya hukumu yake yenyewe. Kanuni ya 66 ya Mahakama ya Rufani ina sababu tano, na muda ni siku 60: kosa lililo wazi kwenye hukumu, mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa hila au ushahidi wa uongo. Uzembe wa wakili haumo. Nikauliza hiyo ya kutosikilizwa je? Mtu wa sheria niliyemfuata akacheka kidogo, akasema watakwambia alikuwa na wakili, kwa hiyo alisikilizwa. Sasa si ndo hicho hicho tunacholalamikia jamani!

Kuna wanaosema nenda Kamati ya Mawakili ukamshtaki. Sawa, kamati inaweza kumuonya wakili, inaweza hata kumfutia uwakili, ila haimtoi mtu gerezani wala haimpi kesi upya. Zamani angeweza kwenda Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ila Tanzania ilijitoa kwenye lile tamko la kuruhusu watu binafsi kufungua kesi huko mwaka 2019 na toka Novemba 2020 huo mlango umefungwa kwa kesi mpya. Na hata huko wenyewe walishasema nchi haiwezi kubeba kila kosa la wakili wa bure, wenye mamlaka wanatakiwa waingilie pale uzembe ukiwa wazi au wakishajulishwa. Sikatai, ni hoja ya haki. Ila nani awajulishe Mheshimiwa, kama mdomo wa mfungwa ndo huyo wakili?

Na hao wa mauaji wana afadhali, angalau kuna mtu anasimama. Wa unyang'anyi wa kutumia silaha wanakula miaka 30 mahakama za chini wakijitetea wenyewe. Arusha walishalisema hilo kwenye kesi ya Alex Thomas mwaka 2015 na ya Mohamed Abubakari mwaka 2016, kwamba kwa kosa zito namna hiyo mtu alipaswa kupewa wakili hata kama hakuomba. Mwaka 2018 kuna mfungwa mwingine wa miaka 30 waliamua alipwe fidia kwa kunyimwa wakili, shilingi laki tatu. Laki tatu! Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilikuja kusema hakimu au jaji akiona haki inahitaji anaweza kuelekeza mtu apewe msaada, na Kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria toka 2023 imesaidia watu wengi kweli kwenye ardhi, mirathi na ndoa, ila wa jinai bado wamesahaulika kwa kiasi kikubwa. Hilo nalipitia tu, lina barua yake.

Sisemi mawakili wote wabaya. Wapo waliookoa watu kwa kesi hizo hizo za kupewa, nimesoma hukumu zao nikatamani niwapigie simu. Na wao wenyewe wanakwambia ukikaa nao, faili linakuja limechelewa, posho ndogo na yenyewe inasumbua kulipwa, nauli ya kwenda gerezani kumuona mteja ni ya mfukoni mwake. Nawaelewa. Lakini shida ya malipo isiishie kwenye shingo ya mtu.

Wenzetu wanafanyaje? Marekani toka mwaka 1984, kesi ya Strickland, wana kipimo: uonyeshe wakili alifanya kazi chini ya kiwango, na uonyeshe kama si yeye kuna uwezekano wa maana matokeo yangekuwa mengine. Kipimo chenyewe ni kigumu na watu wengi wanashindwa, ila angalau kipo, mtu anajua anatakiwa athibitishe nini. Uingereza wakili mpya wa rufaa akitaka kumlaumu wa mwanzo anatakiwa kwanza amuulize wa mwanzo, ajibu, ndo mahakama isikie pande zote mbili. Hiyo ya pili ndo naipenda zaidi maana inamlinda na wakili pia, asisingiziwe.

Najua jibu litakalokuja, kwamba tukifungua huo mlango kila mfungwa atamsingizia wakili wake. Kweli wengi watasingizia. Mbona hata sasa hivi wengi wanawasingizia mashahidi na polisi na mnawasikiliza, isiyo na msingi mnaitupa? Uongo unajulikana mtu akila kiapo na mwenzake akala kiapo cha kujibu.

Ninachoomba ni kidogo na kingi chake hakihitaji Bunge, kanuni na miongozo ya mahakama iko mikononi mwenu. Kabla kesi ya mauaji haijaanza kusikilizwa, jaji amuulize mshtakiwa mwenyewe, kwa Kiswahili, umeonana na wakili wako lini, mmeongea, umemtajia mashahidi, na majibu yaandikwe kwenye mwenendo, hapo hata wakili atajipanga maana anajua swali linakuja. Kwenye rufaa, sababu inayomlalamikia wakili isiondolewe na wakili peke yake, mrufani mwenyewe aulizwe kama anakubali na aelezwe maana yake. Ikibaki, wakili wa mwanzo apewe taarifa aapishwe ajibu, na mfungwa apangiwe wakili asiyetoka ofisi moja na yule wala asiyefanya naye kazi kila siku. Na kwenye Kanuni ya 66 kamati yenu ya kanuni iangalie kama hakuna nafasi ya kuongeza kijisababu cha sita.

Toka mwaka 2021 sheria imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hilo mlilisimamia vizuri, kwa hiyo kisingizio kwamba mfungwa hataelewa akiulizwa hakipo tena. Rufaa za mauaji za kikao kijacho cha kanda yetu zitapangwa muda si mrefu. Naomba mwongozo hata wa ukurasa mmoja utoke kabla ya hapo, waulizwe.

Wako mtiifu,
Mjomba wa mfungwa, Kanda ya Ziwa.