Kile kiota kilicho juu ya dirisha la jiko

Swahiba Hamisi,

Asalaam alaikum. Nimeikuza picha uliyotuma. Hao ni nyigu, si nyuki. Kiota kiko wazi, vijumba vinatazama chini, na chote kimening'inia kwa kikonyo chembamba kama njiti ya kiberiti. Wangekuwa nyuki ningekwambia usiguse kitu, umwite mrina asali. Vile vifuko vya udongo ukutani ni vya nyigu mwingine, mwinda buibui anayeishi peke yake. Huyo mwache, hana ugomvi na mtu.

Ule mpango wako wa kukichoma kiota kwa tambara na petroli uache kabisa. Paa la makuti, Hamisi!

Sabuni inatosha. Lita 1 ya maji, vijiko 4 vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ndani ya bomba la kupulizia lisilowahi kutiwa dawa. Kaza mdomo wake hadi litoe mkondo mmoja, ukungu haufiki. Maji matupu humteleza nyigu mwilini, ila yakiwa na sabuni hupenya kwenye vitundu vya pumzi ubavuni, akakosa hewa.

Ngoja saa 2 au 3 usiku. Mchana wengi wako mawindoni, na jioni watarudi palepale. Vaa mikono mirefu, glavu, chandarua usoni, na suruali uichomeke kwenye soksi. Zima taa ya nje. Tochi usiishike, maana wakishtuka huifuata. Iweke chini, kando, uifunike kwa karatasi nyekundu, rangi wasiyoiona vizuri. Ngazi usipande: ukiumwa huko juu utaanguka, na hilo ndilo litakalokuvunja mguu. Simama upande, si chini yake, nyuma yako pawe wazi. Piga mfululizo mpaka kiota kilowe na wote wadondoke. Ukisita katikati ndipo wanapokushukia.

Asubuhi kwangua kikonyo, kiota ukizamishe kwenye ndoo ya maji ya sabuni, kisha fukia. Vile vijumba vyenye vifuniko vyeupe vina watoto walio karibu kutoka. Ukikitupa tu jalalani, watatoka. Halafu kagua upenu kila wiki. Kiota kinachoanza huwa na vijumba vichache tu na nyigu mmoja au wawili, ukikiwahi usiku ufagio mrefu unakimaliza.

Nyigu haachi mwiba, kwa hiyo huyohuyo huuma tena. Ukiumwa ondoka hapo kwanza, kisha osha kwa sabuni, weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika 10. Midomo ikivimba, pumzi ikibana, au vipele vikitapakaa mwili mzima, ni hospitali saa ileile. Mama, aliyevimba uso mwaka ule, asiwe hata uani usiku huo.

Kingekuwa kwenye mwembe wa nyuma ningekuomba ukiache, maana wanakusafishia viwavi bustanini. Lakini hapo jikoni, hapana.

Nisalimie nyumba nzima.

Wako,
Juma