Kwa mdogo wangu anayetaka kula kwa kalamu

Mdogo wangu,

Mama amenipigia simu analalamika: eti umeacha kazi ya duka, unataka kuandika senario, yaani maandishi ya sinema, na bede, yaani hadithi za picha, kama mimi, bila mwajiri. Nakujibu hapa wazi, maana wenzako wa Katuba na Kamalondo, mitaa yetu ya Lubumbashi, wananiuliza yaleyale: kazi hii inafanywaje, na inalishaje?

Maneno yako mengi hayatafika kwa mtazamaji. Senario inasomwa na wanaoitengeneza filamu: mwongozaji, waigizaji, mtu wa kamera na wenzao. Ukurasa mmoja huhesabiwa kama dakika moja, kwa hiyo filamu ya saa moja na nusu ni kurasa 90 hivi. Ukiandika "Ilunga anamkumbuka marehemu baba yake", mwongozaji atakuuliza apige picha ya nini. Mvalishe Ilunga koti la mzee, limpwaye.

Bede ni kazi nyingine, usiwasikilize wanaosema ni sinema iliyosimama. Msomaji anakwenda kwa mwendo wake. Ndani ya kisanduku kimoja Ilunga hawezi kufungua mlango, kuketi na kulia. Chagua tendo moja. Habari ya kushtua ifiche nyuma ya ukurasa utakaogeuzwa. Na umhurumie mchoraji! Albamu ya kurasa 48, kama walivyozoea Wabelgiji, inaweza kumla mwaka mzima. Wewe unaandika "soko la Kenya, saa sita mchana, watu wengi" (Kenya ya mtaa wetu hapa, si ile nchi), umemaliza. Yeye ndiyo kwanza anaanza kuchora nyanya, makaa, miavuli na kila uso.

Wala usidhani hadithi za picha zimekuja kwetu juzi. Wazee walikua wakisoma Mwana Shaba Junior, jarida la vijana la Gécamines, kampuni ya migodi. Na Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapahapa Lubumbashi, mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima, picha 100 hivi, akimsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kwa Kiswahili picha moja baada ya nyingine. Mimi shule yangu ni hiyo. Tazama anavyoiachia picha kazi yake, kisha mdomo unasema kile ambacho rangi haiwezi kukibeba. Wengi wetu tunachora gari jekundu halafu tunaandika juu yake "gari jekundu".

Sasa makuta, yaani pesa. Bukari yangu, ugali wangu, hutoka zaidi kwenye kazi za mashirika: bede ya kipindupindu, filamu fupi ya uchaguzi. Usizidharau, humo ndimo unajifunza kufupisha. Ila shika avansi, malipo ya mwanzo, kabla ya kuanza, na mkataba useme watakurudishia maandishi mara ngapi uyarekebishe. Bila hivyo utarekebisha hadi Krismasi. Ukiuza bede, haki ya kuifanya filamu iandikwe kando, kwa bei yake. Mteja mmoja alinilipa miezi mingi baada ya filamu kuonyeshwa. Aliporudi na kazi nyingine, nilimtajia avansi tu, akapotea.

Mwambie Mama sijakushawishi. Jumamosi niletee kurasa nne, na uje na yule rafiki yako anayechora. Nataka kumsikia yeye kwanza.

Yaya wako, ndugu yako mkubwa